Suti Nyekundu Imerudi Ndogo

Jumatatu, 11 Desemba

Mke wangu amerudi giza limeshaingia. Tena. Ni msimu, anasema. Msimu! Tangu kule supamaketi anakofanya kazi watundike taa za rangi mlangoni, amekuwa kama mpangaji humu ndani. Anaingia, anavua viatu, anakaa kitandani na kusugua vidole vya miguu. Nilikuwa nimemwekea chakula. Kimepoa. Kumbe ameshakula kazini. Na nani? Na wenzake. Wenzake gani? Kashika mto, kalala.

Mwenzake namjua. Ni yule muuza nyama wa kaunta ya ndani, mwenye tumbo linalofika mahali kabla yake. Namwita Kitambi. Juzi nilipita kununua sabuni, nikaona kwa macho yangu: Kitambi anasema kitu, mke wangu kwenye kaunta yake ya malipo anacheka mpaka anajishikilia. Mimi nilimchekesha lini? Nimejaribu kukumbuka. Usingizi umenipitia kabla sijakumbuka.

Hii ni Krismasi yetu ya pili katika ndoa. Ile ya kwanza tulicheka sana. Sikumbuki tulicheka nini.

Jumatano, 13 Desemba

Habari mbaya na habari njema.

Mbaya: meneja amemteua Kitambi kuwa Baba Krismasi. Atakaa kwenye kiti chenye mapambo, jirani kabisa na kaunta ya mke wangu, mpaka sikukuu. Ataweza kumpa pipi bila hata kunyanyuka!

Njema: suti nyekundu imeletwa kufuliwa. Kwa dobi. Dobi gani? Pale pale ninapofanya kazi mimi! Kaileta Kitambi mwenyewe. Kaniita shemeji. Shemeji! Mimi sikuoa kwao. Kasema niifue kwa upole maana ni ya sufu.

Kwa upole. Nikaitikia kwa upole.

Alhamisi, 14 Desemba

Mwenye biashara ya dobi ni mama mmoja tunayemwita Mama Mvuke, kwa sababu hutokea usipomtarajia na hukuacha umelowa jasho. Leo nilingoja aende kupeleka mashuka ya hoteli. Alipokata kona tu, nikaitumbukiza suti kwenye maji yanayochemka. Nikaikoroga kwa mti. Nikaikamua. Nikaianika juu ya tanuri.

Ilitoka imejikunyata kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nikaipiga pasi vizuri, na mistari ya suruali nikainyoosha. Kazi ni kazi.

Ijumaa, 15 Desemba

Ushindi! Kitambi kaijaribu suti mbele ya wafanyakazi wote. Suruali ilikwama magotini. Koti lilimbana mikono ikabaki imesimama kama anakamatwa na polisi.

Mke wangu ndiye kanisimulia. Akicheka! Kwa mara ya kwanza wiki hii kicheko kimesikika chumbani kwetu, na anachekea habari za Kitambi. Kisha akaacha kucheka. Anasema kaka wa watu hakumlaumu mtu, kajilaumu mwenyewe kwa kunenepa. Ameapa kuacha mkate.

Nilisikia kitu kifuani, kama huruma hivi. Nikakizima.

Jumamosi, 16 Desemba

Nimemwendea meneja, nikajitolea. Kanitazama kutoka utosini hadi unyayoni. Kasema wateja watadhani Baba Krismasi ametoka hospitali. Lakini suti ilinikaa kana kwamba nilipimwa na fundi. Kakubali. Nikamwomba asimwambie mke wangu, nataka kumshangaza. Akasema mambo ya ndoa hayamhusu.

Mama Mvuke nimemwambia shangazi yangu ni mgonjwa, yuko mbali, na hana mwingine wa kumuuguza ila mimi. Kanipa pole. Kanipa na sabuni ya kumpelekea mgonjwa.

Mpango ni huu: nitakaa kwenye kile kiti, nyuma ya zile ndevu za pamba, nione yote. Hatajua. Ukweli wote nitakuwa nao.

Jumatatu, 18 Desemba

Ndevu zinawasha. Mtoto mmoja kaniuliza nilikuwa naumwa nini. Mwingine kakataa kukaa kwenye goti langu, anasema lina mfupa. Wa tatu alikaa, akalowesha. Suti ile ile ambayo nitaifua mwenyewe!

Mke wangu hakuniona. Hakumwona mtu yeyote. Kutwa nzima hajainua kichwa. Mikono yake inavuta vitu, mashine inalia, anavuta vingine. Mama mmoja kamfokea kwa sababu ya mfuko uliochanika, kamwita mzembe. Mke wangu kasema samahani, kaokota viazi vya yule mama sakafuni kimoja kimoja. Sikujua huwa anafokewa. Sikujua pia kwamba husimama na mguu mmoja nje ya kiatu, akiupumzisha, kisha anabadili.

Nilitaka kunyanyuka. Lakini ningenyanyukaje? Mimi si mimi.

Mchana Kitambi kampelekea glasi ya maji. Maji! Nimeyaona kwa macho yangu. Huo ni ushahidi.

Jumatano, 20 Desemba

Balaa. Nimekaa zangu kitini, nainua macho: Mama Mvuke kwenye foleni na mjukuu wake! Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mjukuu akaniparamia. Bibi akasimama mbele yangu, akatazama viatu vyangu. Akainama, akashika pindo la suruali, akalisugua kati ya vidole viwili kama anavyofanya siku zote akikagua kazi.

Akaniambia, taratibu kabisa: "Baba Krismasi, huyu mjukuu wangu anataka mwanasesere. Na mimi nina ombi. Mwambie shangazi yako augue kwa raha zake, na wewe ukae naye huko huko. Kwangu usirudi."

Nikamjibu "ho ho ho."

Nyumbani sikumwambia mke wangu kwamba nimefukuzwa. Tumekaa kama watu wawili wanaongoja daktari.

Ijumaa, 22 Desemba

Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe. Kitambi kamwinamia mke wangu pale kaunta na kumnong'oneza kwamba chumba kiko tayari. Kina dirisha kubwa. Mke wangu kauliza kama ni mahali pa kimya. Kitambi kasema ni pa kimya na mwenye nyumba hana maswali mengi. Mke wangu kaangalia huku na huku. Kasema, "Mume wangu bado hajui. Nitamwambiaje?"

Mtoto aliyekuwa gotini kwangu alitaka baiskeli. Nikamwahidi gari.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimezunguka mitaa mpaka miguu imekataa. Kila dirisha lina taa na sauti za watu.

Jumamosi, 23 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilipanga kunyamaza mpaka sikukuu ipite, nikusanye ushahidi zaidi. Lakini Kitambi alipita akamkonyeza mke wangu, nikajikuta nimesimama. Mtoto aliyekuwa gotini alikuwa ameshika ndevu. Nikaondoka, ndevu zikabaki naye.

Nikafika kaunta, uzi wa ndevu unaning'inia sikioni. Foleni nzima ikageuka.

"Chumba cha nani?" nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba.

Mke wangu akainua kichwa. Akanitazama, akaitazama suti.

"Ni wewe? Siku zote hizi ni wewe uliyekaa pale?"

"Jibu! Chumba cha nani?"

Kitambi akaja mbio kutoka kwenye nyama. "Shemeji, tulia. Ni nyumba ya dada yangu..."

"Chumba chetu," mke wangu akasema. Hakupaza sauti. "Wanafungua tawi mji mwingine. Wamenipa usimamizi. Natakiwa niwe kule kabla ya mwaka mpya. Nilikuwa nakutafutia mahali penye dirisha, maana hupendi joto."

Watoto wakaanza kulia, wote kwa pamoja. Mmoja akamuuliza mama yake kama yule ndiye Mama Krismasi na kwa nini ana huzuni.

Meneja kaniamuru nivue suti pale pale stoo. Chini nilikuwa na fulana na bukta tu. Kitambi kanivulia koti lake. Limenizunguka mara mbili. Nimepita mtaani nimevaa koti la Kitambi, linanuka nyama.

Jumapili, 24 Desemba

Leo amezungumza. Mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, yeye kwenye kiti.

"Tangu mwezi wa kumi hujaniuliza kazi inakwendaje," akasema. "Unaniuliza nimekula na nani. Nimecheka na nani. Nilikuwa nangoja uniulize, nikuambie."

Nikamwambia ningeuliza. Akasema, "Ungeuliza lini? Ulikuwa umevaa ndevu."

Kisha akaja kukaa karibu yangu. Akasema twende wote. Kule nako watu wanachafua nguo, dobi hawezi kukosa kazi.

Nikasema nitafikiria. Nimefikiria. Mwanamume kufungasha virago amfuate mke kazini! Watasema nimeolewa. Na kazi sina, hilo bado sijamwambia. Nikisema sasa ataona naenda kwa sababu nimefukuzwa. Bora nitafute njia ya yeye kubaki. Njia lazima ipo.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Kapika kuku. Kanipa shati jipya, kalikunja vizuri ndani ya karatasi yenye nyota. Mimi sikuwa na kitu cha kumpa. Nilishughulika mno na Krismasi.

Akasema haidhuru.

Tulikula tunasikiliza redio ya jirani. Alikuwa amechoka, akasinzia na kijiko mkononi. Nilimtazama. Neno lilinifika kwenye meno kabisa: tutakwenda wote. Akafumbua macho, akaniuliza nilikuwa nataka kusema nini.

Nikasema kuku amepungukiwa chumvi.

Alhamisi, 28 Desemba

Njia nimeipata. Mgongo! Mke gani atamwacha mumewe kitandani hawezi kugeuka? Asubuhi nikapiga yowe moja zuri, nikaanguka kati ya kitanda na kabati.

Kanichua kwa dawa mpaka ngozi inawaka moto. Kanifulia na kunipikia chakula cha siku mbili. Kalia kidogo jikoni, nimesikia. Nikadhani mambo yamekwisha. Kisha akarudi akasema nisiwe na wasiwasi, amenipatia mtu wa kunitazama akishaondoka.

Kitambi! Kaja na supu ya mifupa. Kakaa kando ya kitanda mchana kutwa, kanishikia kikombe, kanisimulia jinsi mke wake alivyofariki na jinsi mke wangu alivyokuwa akimkumbusha kula. Anasema bila yeye angeacha kazi. Amepungua kweli. Ameacha mkate kama alivyoapa.

Ni mtu mwema. Sijui nimweke wapi.

Jumamosi, 30 Desemba

Ameondoka.

Sikumsindikiza kituoni kwa sababu ya mgongo. Mgongo hauna kitu! Lakini baada ya kulalamika siku zote hizi ningesimamaje ghafla? Nilisikia Kitambi akiteremsha sanduku kwenye ngazi, pole pole, kama anateremsha mgonjwa.

Mke wangu alirudi mlangoni. Nikafikiri kasahau kitu. Akasema, "Njoo tu. Usipange kitu. Ukiwa tayari, panda basi uje."

Nikaguna, nikashika mgongo.

Chumba ni kikubwa leo. Sikujua kina mwangwi. Nimevaa lile shati, nikalivua, nikalikunja upya. Halikunjiki kama alivyolikunja yeye, na kukunja ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 2 Januari

Nimepata wazo! Sijui kwa nini sikuliwaza mapema. Msimamizi akilalamikiwa na wateja, hufanywa nini? Hurudishwa alikotoka! Rahisi kabisa. Nikatafuta namba ya simu ya tawi lake. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo: sauti ya mzee mkali, mstaafu, mwenye kikohozi.

Msichana kapokea. Nikasema nina malalamiko mazito. Akasema ningoje, malalamiko yote hupokelewa na msimamizi.

Hilo sikulifikiria.

"Karibu, nikusaidie nini?" Ni yeye. Sauti yake imechangamka kidogo. Nyuma yake mashine zinalia. Ningekata simu, lakini sikuwa nimeisikia ile sauti tangu Jumamosi. Basi nikakohoa, nikasema huyo msimamizi wenu mpya ana dharau, hajui kazi, arudishwe kwao upesi.

Nikasikia akipumua. Nikasikia mtu anamwita, naye akamwambia asubiri.

"Malalamiko yako nimeyapokea, mzee," akasema. Kisha, chini kabisa: "Umekula?"

"Nimekula," nikamjibu. Kwa sauti ile ile ya mzee. Nikakohoa tena, nikakata.

Sijala. Nimekaa na simu mkononi mpaka imepata joto.

Nimeshaona kosa liko wapi. Kikohozi kilizidi. Kesho nitapiga kwa sauti ya kike.