Kompyuta ya Mkuu Imeongoza

Leo nimeaibika, tena kwenye projekta, ukuta mzima.

Ngoja niwaeleze polepole, maana si wote mnaozijua programu hizi. Ipo moja ya kujitolea. Unaiweka kwenye kompyuta, nayo kupitia intaneti inawasaidia watafiti wa dawa ya malaria kupiga hesabu zao. Haiingilii kazi yako. Ukigusa tu kipanya, inakaa pembeni. Ukiacha kugusa kwa dakika tatu, inaendelea. Fikiria mashine ya kusaga iliyowashwa na mwenye mtama hayupo. Jirani anasaga wake. Rahisi, eti? (Hivyo hivyo ndivyo nilivyowaeleza ofisini.)

Mwezi uliopita niliiweka kwenye kompyuta tano za kitengo chetu hapa Dodoma, kwa ruhusa ya Mkuu. Wiki haikuisha, lawama. Faili halifunguki: programu. Printa imekwama: programu. Umeme ukakatika mtaa mzima, watu wakanitazama mimi! Mkuu akaamua: leo kwenye kikao, mbele ya mgeni kutoka makao makuu, nithibitishe kwamba haipunguzi kasi. Nikishindwa, naiondoa leo leo.

Sikutaka iondolewe. Nimeugua malaria mara mbili nikiwa kazini kule bwawa la Mtera, na sina njia nyingine ya kulipiza kisasi.

Basi, itifaki, utambulisho, neno la Mkuu, neno la mgeni. Zamu yangu. Nikaeleza inavyofanya kazi, kisha nikafungua majedwali mazito huku programu ikiwepo. Yakafunguka mara moja! Nikayafunga, nikayafungua tena.

"Hongera," mgeni akasema. "Hii mnaweza kuendelea nayo."

Nilipaswa kukaa hapo hapo. Kukaa tu! Lakini mimi nikimweleza mtu jambo, sipendi abaki na swali.

"Na kuna orodha," nikasema, "inayoonyesha kila kompyuta imejitolea kiasi gani." Nikabonyeza. Majina yetu matano yakajaa ukutani.

"Mkuu, hongera! Umeongoza!"

Makofi. Mkuu akasimama, akaweka tai sawa. "Mimi siwaagizi vijana jambo nisilolifanya mwenyewe," akamwambia mgeni.

Wa pili, mimi. (Nikajipigia makofi. Peke yangu.) Wa mwisho kabisa, Mama Rehema wa masjala: sifuri.

"Mama Rehema, unatuangusha," Mkuu akasema.

"Nisamehe, Mkuu. Kila nikitaka kujitolea nakuta barua zinanisubiri."

"Usijali, mama," nikamtia moyo. "Mwezi ujao utapanda tu."

Mgeni akainua mkono. "Samahani, kijana. Si umesema inafanya kazi pale mtu asipoigusa kompyuta?"

"Naam! Dakika tatu!" (Nilifurahi. Hatimaye mtu msikivu!)

"Kwa hiyo anayeongoza..."

"Ni yule ambaye kompyuta yake imekaa muda mrefu zaidi bila..."

Mama Rehema alikuwa ameshafunika uso kwa ncha ya mtandio, mabega yanatetemeka.

Mkuu akakaa taratibu. "Mimi huwa vikaoni," akasema. "Na wewe wa pili, ulikuwa kikao gani?"

"Nilikuwa nazunguka, Mkuu, nawaelimisha watu kuhusu programu."

"Mwezi mzima?"

Nikaifunga ile orodha haraka.

"Iondolewe," akasema Mkuu. "Inapunguza kasi."

"Kasi ya nini, Mkuu?" (Jamani, nani alinituma?)

Mgeni ndiye aliyejibu. "Isiondolewe. Programu nzuri sana. Ila hiyo orodha niletewe kila mwisho wa mwezi."

Basi, imebaki. Nimeshinda! Tangu kikao kiishe, kitengo kizima kinasukuma kipanya huku na huku. Anayekwenda chooni anamwachia jirani amsukumie. Hao watafiti tangu saa tano hawajapata kutoka kwetu hata hesabu moja.

Naombeni msicheke. Mkuu yuko mlangoni kwangu sasa hivi. Anataka nimfundishe, polepole, namna ya kugusa kompyuta mtu akiwa kikaoni.