Damu ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Leo ni leo! Bosi ametangaza nafasi ya msimamizi wa tanuri hapa kiwandani kwetu, kiwanda cha mikate. Koti jeupe, kalamu mfukoni. Ni yangu! Bwana Mizani, yule mpima unga anayejiona kama yeye ndiye aliyegundua mkate, naye ameomba. Sharti ni moja: kupimwa damu. Joto la tanuri hukausha watu, na bosi hataki mwenye figo mbovu. Muuguzi ametueleza kuwa wanatafuta kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli. Figo nzima huichuja na kuitoa. Ikijaa kwenye damu, figo zimeelemewa. Nikafikiria chumvi yote niliyokula tangu utotoni. Jasho likanitoka.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Kaka wa mke wangu. Kifua kama mlango wa ghala, hajalazwa hata siku moja, mafua yenyewe humwogopa. Atatoa damu kwa jina langu! Akasema sawa shemeji, ila dada akijua, nisimtaje. Hapo hapo akabugia vidonge vyake vya goti, vile vya maumivu anavyotafuna kila siku kama karanga. Mtu wa shoka!

Jumatano, 5 Machi
Amechomwa sindano! Maabara hawakuuliza hata kitambulisho. Kazini nikamkonyeza Bwana Mizani. Hakuelewa, maskini. Jioni nikafanya mazoezi ya kuchomoa kalamu mfukoni mbele ya kioo. Mke wangu akauliza nina nini. Nikamwambia aanze kuzoea kuishi na mkubwa.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Daktari ameniita. Kreatinini iko juu, tena juu sana. Akasema wakati mwingine hupanda kwa watu wenye misuli mikubwa. Akanitazama mikono. Akanitazama tena. Akasema hilo tuliondoe. Kisha akauliza kama nameza dawa za maumivu kila siku, maana zinaweza kuharibu figo polepole, na mtu asihisi chochote.

Vidonge vya shemeji! Ningenyamaza, ningepimwa upya kwa damu yangu na nafasi ingebaki. Naye angeendelea kubugia. Nampenda yule mtu, jamani! Nikasema yote kwa pumzi moja. Daktari alinifokea mpaka foleni ya nje ikanyamaza.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji amepimwa upya, damu na mkojo, safari hii kwa jina lake. Figo zimeanza kuumia, lakini tumewahi! Vidonge marufuku. Mke wangu amenikumbatia huku akilia, kisha akanipiga mwiko wa bega. Na damu yangu mwenyewe? Safi kabisa! Ningetoa mkono wangu tu, koti lingekuwa langu. Amelichukua Bwana Mizani. Linambana tumboni, nashukuru.

Jumanne, 11 Machi
Bosi amenipa onyo kali mbele ya wote. Nimeapa kubadilika. Mchana akatangaza nafasi ya dereva wa gari la mikate! Sharti: kupimwa macho. Mimi bila miwani simtambui hata mke wangu mpaka aanze kunigombeza. Lakini shemeji yupo tu nyumbani, anapumzika, hana la kufanya. Kesho asubuhi nakwenda kumjulia hali. Figo ni figo, lakini macho yake, naapa, hayana kasoro yoyote!