Kuhusu Dikoda Yenu Kutunyang'anya Mvua

Gumbo, Juba

Ndugu Mkurugenzi wa Televisheni,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi ya kurusha picha. Mimi ni Fulgensio, mwenyekiti wa kikundi cha maombi hapa Gumbo. Mtu akiwa na harusi, sisi ndio tunaoomba mvua isubiri, kisha tunakaa meza ya mbele na kupakuliwa kabla ya wajomba. Sasa mmeanza kutumia mawimbi ya televisheni kushusha utabiri wa hali ya hewa kwenye dikoda, nayo inaumwaga kwenye simu za mtaa mzima bila bando. Nimeumia sana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hatukuulizwa. Hata mchungaji alisikia habari hizi kwa muuza nyanya.

2. Harusi ya Akuac kule Malakia tuliomba jua, dikoda ikasema mvua saa kumi. Ikanyesha saa kumi, keki ikakimbizwa ndani ya beseni. Watu wakatutazama sisi, kana kwamba ndio tuliotoboa turubai.

3. Jumamosi iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Tuliomba jua, dikoda ikasema jua, na jua likawaka. Bwana harusi akasimama akaishukuru dikoda! Nilipofika kwenye chakula, Nakato mpishi akaniambia, "Mzee, wewe ngoja kwanza. Ile dikoda ilishamaliza kazi yako." Nikapewa mchuzi bila nyama, waumini wangu wakiona.

4. Mawimbi yenu yanashuka tu. Huwezi kuyauliza, kuyasihi wala kuyalilia. Mnaleta majibu kwa watu ambao hawajapiga hata goti. Huo ni utovu wa adabu.

5. Vijana wameanza kuuliza kama dikoda inaweza pia kutoa pepo.

Hivyo naomba utabiri wa Jumamosi upitie kwangu kwanza, niutangaze ibadani kama ufunuo. Mkishindwa, basi dikoda nayo ikae bila umeme kabla ya kila harusi, kama sisi tunavyokaa bila kula.

Wasalimie mafundi, watangazaji, na yule dada wa habari za jioni.

Ni mimi niwaombeaye hata mkinikosea,
Fulgensio, Mwenyekiti

Nyongeza: Jumamosi hii namwoza binti yangu Kisakye, na turubai tumekosa. Kikundi kizima kinaomba. Lakini Mkurugenzi, nina binti huyu mmoja tu, na naogopa. Kuanzia saa nane kutakuwaje? Siwezi kuchungulia dikoda ya jirani, wanakikundi wataniona. Niko hapa getini kwenu. Mlinzi amenipa kiti.