Simu ya Mama Imepofuka

Jumatatu, 10 Juni 2019
Mwalimu Tharcisse amenipa mada: tofauti ya kichakataji cha ishara na kichakataji cha michoro ndani ya simu. Nitaieleza Ijumaa. Tshibola amepewa betri! Betri ni kobalti, na hapa Kolwezi ukitaja kobalti tu watu wanapiga makofi. Amenionea huruma kwa sauti kubwa, darasa zima lisikie. Lazima nimshinde. Nitaleta simu halisi, tumbo wazi.

Simu iliyopo ni ya Mama. Tangu Jumamosi haiachi mkononi. Shimo liliporomoka kule Tenke, kisha wachimbaji wote wakafukuzwa. Baba alikuwa mmoja wao. Hajapiga simu.

Jumanne, 11 Juni
Mama alisonga bukari, ugali wetu. Bukari inataka mikono miwili! Simu dirishani. Mimi, kisu na pini ya nywele. Ndani hakuna kilichoandikwa jina, vifuniko vya bati tu. Nikaifunga mbiombio. Skrubu moja imebaki. Kioo cheusi tii.

Mama hajagundua. Yeye anasubiri mlio, hatazami.

Jumatano, 12 Juni
Nimemuuliza Mwalimu kuhusu simu ya kubuni iliyozimika kioo. Akasema kichakataji cha michoro ni kama wanawake wanaoosha madini mtoni: mamia wameinama, kila mmoja na karai lake, wote kazi ileile kwa wakati mmoja. Picha ni vitone vingi, na kila kitone kinangoja rangi. Kile cha ishara ni kama wanaume wanaopokezana mifuko kutoka shimoni, mfuko baada ya mfuko, bila kusimama. Sauti inafika hivyo. Mmoja akichelewa, inakatika. Akauliza simu hiyo ya kubuni ni ya nani. Ya mtu wa kubuni, nikasema.

Basi nimeua picha tu! Sauti iko hai. Natumaini. Nimesali mara mbili.

Ijumaa, 14 Juni
Mama amegundua. Hakunipiga. Aliketi chini, akauliza Baba atamfikia wapi sasa. Afadhali angenipiga.

Akanifuata hadi darasani, simu mkononi. Nilikuwa nimefika kwenye mfano wa makarai, simu ikalia! Inalia, nyeusi, na hakuna anayejua kidole kiguse wapi. Darasa linapiga kelele: juu! Hapana, chini! Tshibola akatoa waya wa masikioni kwenye soksi yake (umekatazwa shuleni!), akachomeka, akabonyeza kitufe cha waya.

Baba! Mzima! Walilala kanisani, amepoteza viatu tu, simu ameazima leo. Mama alilia, akacheka, akamkumbatia Tshibola kabla yangu. Sawa tu. Leo sawa tu.

Mwalimu akafungua simu, akabana utepe mwembamba wa kioo niliouchomoa. Picha zikarudi. Kumbe vichakataji vyote viwili vilikuwa vizima. Kile cha michoro kimechora siku tatu na hakuna aliyekitazama. Maskini.

Nimepata kumi na nne juu ya ishirini. Tshibola kumi na tano.

Jumapili, 16 Juni
Baba amefika. Miguu imevimba, mdomo mzima: ananiita injinia, anaomba bukari tena.

Jirani yetu Tata Kazadi analalamika redio yake inakwaruza. Nimemweleza kwamba sauti ndiyo fani yangu. Akasema nikiigusa atanipeleka Tenke kwa miguu.

Kesho anakwenda kazini. Mke wake atasonga bukari. Pini ninayo.