Makofi kwa Muza

Agosti 6, Siku ya Mwezi.
Habari kubwa! Mjane Numisia anataka utenzi wa Kilatini kuhusu marehemu mumewe, aliyewapiga maharamia baharini. Siku ya Zuhura atasikiliza mianzo miwili tu: wangu na wa Opilius. Mshindi atakula mezani kwake majira yote ya baridi. Mimi nakula dengu tangu Januari.
Opilius! Mtoto niliyemfundisha silabi ndefu na fupi kwa fimbo! Nimekutana naye hamamuni. Akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza, mbele ya watu, kama shujaa wangu ameshapanda merikebu au bado namsahihisha sarufi. Hata wakandaji wakacheka.

Agosti 7, Siku ya Mirihi.
Situlii. Nimezunguka chumba mpaka jirani wa chini akagonga dari.
Mwanzo wangu hauna kasoro. Neno la kwanza kabisa linataja mada: Mawimbi. Kisha namwita Muza, mungu wa kike wa ushairi, anieleze kwa nini bahari ilikasirika. Kisha, bila kumchosha mtu kwa utoto wa shujaa, naruka katikati ya kisa: tufani, mlingoti vipande, shujaa anatamani angalifia nyumbani.
Lakini wageni wa Numisia watajuaje kwamba ni mzuri wasipoonyeshwa? Nahitaji wapiga makofi.

Agosti 8, Siku ya Utaridi.
Nimempata Pomfo na genge lake, wanaowashangilia mawakili mahakamani kwa mlo tu. Wamemaliza soseji zangu zote. Hakuna anayejua ushairi. Pomfo akaniambia nisihofu, mzee wangu, kwani hata mawakili hawawaelewi.
Nimewapa ishara rahisi: msomaji akiinua mikono na kumwita Muza, wapige makofi mpaka paa litikisike. Tumefanya mazoezi. Jirani kagonga tena.

Agosti 9, Siku ya Mshtarii.
Ujanja wa pili! Nimemwomba Numisia ampe Opilius zamu ya kwanza, wageni wakiwa bado wanatafuta viti na kukohoa. Nilisema napenda kuwapisha vijana. Bibi akaguswa. Akasema wazee wanyenyekevu kama Mwalimu Murranus wamekwisha duniani. Nimerudi nyumbani nikirukaruka.

Agosti 10, Siku ya Zuhura.
Ole wangu!
Opilius alisimama. Akataja mada. Akainua mikono. Akamwita Muza. Bila shaka! Utenzi huanza hivyo, nilimfundisha mwenyewe!
Ngurumo ya makofi. Pomfo alilia machozi ya kweli. Numisia naye akalia. Nikamkanyaga Pomfo mguu. Akadhani nataka zaidi, akaongeza miluzi. Kisha Opilius naye akaruka katikati ya tufani, na ukumbi mzima ukasimama.
Zamu yangu ilipofika, genge lilikuwa limetoka nje, likidhani kazi imekwisha. Nikainua mikono. Kimya. Mbwa wa Numisia akapiga miayo.
Mlangoni Pomfo alinipongeza. Eti, mzee, huyo kijana wako ana sauti!

Agosti 11, Siku ya Zohali.
Dengu. Opilius amepewa kiti ubavuni mwa bibi.
Lakini kosa nimelijua: ishara ilikuwa ya kawaida mno! Mwezi ujao hakimu mmoja atasikiliza mianzo ya utenzi kuhusu babu yake, na Opilius atakuwepo. Nimeshamwita Pomfo. Safari hii watapiga makofi tufani ikianza.
Nimeomba Opilius atangulie.