Gamba Lisilo na Ufa

Jumatano, 30 Septemba 1998
Redio imetangaza habari za nyota mfu, ya nyutroni. Imebanwa na uzito wake hadi ingetosha kati ya hapa Kulesa na kijiji cha Wenje. Gamba lake gumu kuliko chuma, mara nyingi mno. Ila sumaku yake yenyewe ililivuta mpaka likapasuka, na mwako wake ukatufikia Agosti. Nimeelewa: gamba zima lina nguvu, lenye ufa limekwisha. Jirani yangu Buya amesema nibadilishe betri. Wivu.

Alhamisi, 1 Oktoba
Jumapili mke wangu Dorothy atatimiza mwaka kaburini. Ng'ombe wake, Madoa, yuko kwa Godana. Sisi wakulima ng'ombe wetu hukaa na rafiki mfugaji wa Kiorma. Nataka awe nyumbani siku hiyo. Godana kashauri tuuzunguke mkondo wa zamani wa mto, nusu siku nzima. Ya nini? Maji ya El Ninyo yalishaondoka. Tutakatiza.

Ijumaa, 2 Oktoba
Nimekagua. Upande wa juu matope yana nyufa za kuingiza mkono. Upande wa chini laini, halina ufa gamba lake. Shemeji Gladys kasema hata mtoto anajua: penye nyufa pamekauka hadi chini, palipo laini ndani bado ni uji. Nikamuuliza kama amesikiliza redio. Hajasikiliza.

Jumamosi, 3 Oktoba
Madoa alizama hadi tumbo, kisha mgongo. Godana alilala kifudifudi juu ya matope, kamshika pembe, akimbembeleza kwa Kiorma. Aliomba ruhusa amchinje mapema. Nilikataa, nikasema atatoka. Hakutoka. Godana hakunilaumu. Alisema tu kwamba jina la Madoa alilitoa Dorothy. Heri angenitukana.

Jumapili, 4 Oktoba
Kanisani wamemwombea Dorothy. Sikuweza kuinua uso. Nimemkumbuka alivyokuwa akimkwangua Madoa kupe, akimsimulia mambo yangu. Jioni Godana kaja, kwa kuzunguka. Kasema Madoa kaacha ndama jike, wangu, nitamchukua akishaacha kunyonyeshwa na ng'ombe mwingine. Nimelia mbele yake.

Jumamosi, 12 Desemba
Nimepita mkondoni kumsalimia Madoa. Pale alipozama pamefunga gamba jipya. Laini kabisa. Nimeligonga kwa fimbo, likalia kavu. Nimepiga magoti nikalichunguza, sikuona ufa hata mmoja.

Nimemtumia Godana salamu asihangaike kuzunguka na ndama. Kesho nitamfuata mwenyewe, tutapita hapa.