Ni Marufuku Kuzima

Wananchi wote wa Tainan, wenye televisheni na wanaotazamia kwa jirani, wanatangaziwa kwamba kuanzia leo filamu iliyosifiwa sinema itasifiwa na nyumbani, kwa kiasi kile kile, bila kupunguza. Atakayelia sinema halafu akacheka nyumbani ametoa ushahidi wa aina mbili juu ya jambo moja, na mtu wa namna hiyo sheria inamjua.

Tangazo lilitoka kwa Bwana Tuan Shou-li, mkuu wa Idara ya Usawa wa Sifa. Idara hiyo ilihakiki filamu za mwigizaji mmoja tu, Ling Chen-kang, kwa kuwa waigizaji wengine ilikuwa bado haijaamuliwa kama ni wazuri. Ling aliamuliwa zamani. Katika kila filamu alikuwa afisa wa jeshi, na katika kila filamu alikufa mwishoni, wala hakuwa mtu wa kufa haraka. Akishapigwa risasi alipepesuka kwanza, akaegemea mti, akamuaga mama yake, akaiaga bendera, kisha akaanza kuaga milima, mmoja mmoja, kwa majina.

Bwana Tuan aliitazama filamu mpya, *Luteni Hafi Mara Moja*, katika sinema kubwa ya mjini, akaandika uhakiki wake hapo hapo gizani: "Marehemu ametekeleza kifo chake kwa kiwango cha kitaifa. Watazamaji wamelia kwa utaratibu. Hakuna aliyetoka." Ni kweli hakuna aliyetoka. Mlango ulikuwa na askari.

Uhakiki wa nyumbani ndio uliomtoa jasho. Aliufanyia sebuleni kwake, kanda ikiwa ndani ya deki, mkewe Pi-hsia akimimina chai, na mama mkwe wake, Bibi Siok-im, akiwa kwenye kochi na rimoti mkononi. Rimoti ile Bibi hakumpa mtu. Alilala nayo.

"Mama, tafadhali, hapo usibonyeze."

"Anaanza milima, mwanangu. Milima ya nchi hii ni mingi."

Akabonyeza. Kanda ikakimbia. Luteni akatetemeka kama mende aliyepuliziwa dawa, akampungia mama, akaanguka, akainuka, akaanguka, akazungusha kichwa kwenye milima yote kwa mpigo mmoja, na bendera ikamfunika, pu! Pi-hsia akamwaga chai. Bibi akapaliwa na mbegu ya tikiti, ikabidi apigwe mgongoni. Nyumba ya pili nako kikalipuka kicheko, na ya tatu. Maana na wao walikuwa wamefika kwenye milima. Bwana Tuan mwenyewe mdomo ulimcheza kidogo. Akaandika kwamba ana mafua.

Sasa hapo palikuwa pabaya. Mji mkuu, Taipei, ulikwisha piga simu: Mheshimiwa Hou, Naibu Waziri, atakuja mwenyewe Jumapili mchana kushuhudia uhakiki wa nyumbani. Ukilingana na wa sinema, Bwana Tuan atahamia Taipei, kwenye ofisi yenye kiyoyozi na dereva. Usipolingana, ipo nafasi ya kusimamia chumvi kisiwani Penghu, ambako upepo ukivuma mbuzi hufungwa mawe wasipeperuke.

"Penghu siendi," Pi-hsia alisema. "Utakwenda na mama."

"Mimi pia siendi," alisema Bibi. "Nitakuwa nakutazama kwenye video."

Bwana Tuan akaita kamati. Kamati ikajiuliza: mtu ni yule yule, Luteni ni yule yule, risasi ni ile ile; kwa nini kule machozi na huku kicheko? Baada ya chai na maandazi ya mvuke, sababu ikapatikana. Sinema, kabla ya filamu, hupigwa wimbo wa taifa na watu wote husimama. Mtu akisimama vile, anapokaa huwa amekwisha kuwa mwananchi. Nyumbani je? Mtu anatoka bafuni na kaptula, anajitupa kwenye kochi, anacheka. Ataachaje kucheka? Hakusimama!

Ikatungwa kanuni. Kila kanda ya Ling Chen-kang itaanza na wimbo wa taifa. Walioko sebuleni watasimama mpaka wimbo uishe. Kuketi kabla haujaisha ni kosa. Kuzima deki wimbo ukiendelea ni kosa kubwa zaidi, na aliyeona mwenzake akizima akakaa bila kuripoti, naye ana kosa lake. Wamesamehewa wazee waliotimiza sabini (hicho kifungu Bibi Siok-im alikidai akiwa ameshika mwiko) na mtu aliyezimia, mradi athibitishwe na mtu aliyeketi kihalali. Hicho cha kuzimia alikiweka mwanasheria wa Idara, ambaye kazi yake ni kuweka vifungu.

Mama Hsueh, mwenye duka la kukodisha kanda, aliisoma kanuni akakuna kichwa kwa kalamu.

"Mkuu, samahani. Na anayetazamia kitandani?"

"Atasimama kitandani."

"Dari ya kwangu fupi, Mkuu."

"Utainama. Kuinama ni aina ya kusimama kwa heshima."

"Na mtu akiwa peke yake, nani atajua?"

Bwana Tuan akamtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. "Yeye mwenyewe atajua, Mama. Na ataripoti."

Jumapili ikafika. Naibu Waziri Hou aliingia na katibu wake, kijana mwembamba asiyesema ila kalamu yake haitulii, na nyuma yao akaingia Ling Chen-kang mwenyewe, nyota, amevaa miwani myeusi. Bila vipodozi alikuwa mzee wa makamo mwenye magoti mabovu. Wote wakavua viatu, wakapewa ndala. Jikoni palinukia samaki wa tangawizi na chaza waliokaangwa na mayai. Majirani walijipanga nje ya dirisha, kwa kuwa waliarifiwa wajipange.

Bwana Tuan akaweka kanda. Wimbo ukaanza, bendera ikapepea kwenye kioo, wakubwa wakasimama wima. Bibi aliketi, kihalali.

Wakiwa katikati ya wimbo, deki ikaanza kutafuna kanda. Haikusimama, la, ingesimama ingekuwa nafuu. Ilikokota. Sauti ikarefuka, ikawa nzito, ikawa kama nyati aliyekwama matopeni: ooo... uuu... Bendera ikatetemeka mahali pamoja. Wimbo haukwisha, wala haukuendelea, ila ulikuwepo.

Wakasimama. Chai ikapoa. Pi-hsia aliwahi kukimbilia jikoni, maana kanuni ilitaja sebule tu.

"Bwana Tuan," Naibu Waziri alinong'ona bila kugeuza shingo. "Umekwisha huo?"

"Bado, Mheshimiwa. Uko njiani."

Wakasimama tena. Jasho likamshuka Naibu Waziri mpaka kwenye kola.

"Tuan. Zima."

Kalamu ya katibu ikakwaruza. Sebule nzima ikaisikia. Naibu Waziri naye akaisikia.

"Nasema," akainua sauti, "taifa *zima!* Taifa zima lisimame hivi!"

"Lisimame!" akaitikia Bwana Tuan.

"Simameni tu, wanangu," alisema Bibi, akipasua mbegu. "Ni mazoezi."

Wa kwanza kushindwa alikuwa Ling. Magoti yake hayakumngoja mkurugenzi wa filamu. Alisema "Aa," akaanguka zuliani kama gunia la viazi vitamu. Hakuaga mtu.

Bibi akaacha kutafuna. "Haa! Kumbe anaweza! Hicho ndicho kifo. Kifupi, kitamu. Miaka yote hii alikuwa anatuficha." Akamgusa kwa ndala. "Amezimia kweli. Mimi shahidi. Pi-hsia, mletee samaki huyu marehemu."

Ling akafumbua jicho moja, akaletewa sahani, akala amelala ubavu. Harufu ya tangawizi ikapita chini ya pua ya Naibu Waziri.

Sasa ukitaka kumjua mkubwa, mtazame akiwa na njaa mbele ya kanuni yake. Naibu Waziri aliitazama sahani. Akamtazama katibu. Akashika paji la uso, akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani mbali na ukingo, kisha akazimia.

"Hapana," alisema Bibi. "Arudie."

"Mama!" alifoka Bwana Tuan. "Huyu ni Naibu Waziri!"

"Hata kama. Nani anazimia anachagua mto? Inuka, baba. Usifikirie suruali."

Kanuni ilikuwa wazi: aliyeketi kihalali ndiye anayethibitisha, na aliyeketi kihalali alikuwa mmoja. Naibu Waziri akainuka. Akazimia mara ya pili, akatanguliza mkono. Bibi akakataa. Mara ya tatu alisema "Nchi yangu!" na majirani dirishani wakaanza kuzirai kwa kicheko, wao bila kibali. Hata Ling alitoa mfupa wa samaki mdomoni, akamshauri kifundi: "Mheshimiwa, legeza nyonga. Usituonyeshe kwamba unaanguka. Anguka."

Mara ya nne aliteleza kwenye ndala, akagonga kisogo kwenye mguu wa kochi.

"Huyo kidogo," alisema Bibi. "Basi, mpeni wali."

Katibu alizimia papo hapo bila kuombwa, na kalamu yake ikavingirika chini ya kabati. Akabaki Bwana Tuan, wima, peke yake, mikono kwenye mishono ya suruali.

"Mama," alisema polepole. "Na mimi nimechoka."

"Wewe nakujua, mkwe wangu. Unajifanya."

Kanda ikakatika yenyewe, pasipo mkono wa mtu, wakati chaza wamekwisha. Wakubwa wakazinduka, wakafuta midomo, wakavaa viatu. Naibu Waziri hakuaga.

Haikupita wiki Bwana Tuan akarudi sinema kufanya uhakiki wake wa mwisho. Luteni alipopigwa risasi na kuanza kupepesuka, sauti ikatoka gizani: "Arudie!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, askari wa mlangoni akajificha uso na kofia yake. Bwana Tuan, ambaye safari hii hakutaka kuongopa kwenye karatasi ya serikali, aliandika: "Usawa umepatikana. Wamecheka sinema na nyumbani kwa kiasi kile kile. Anayechekwa si Luteni."

Barua ya Penghu ilikuja kwa basi la mchana.

Mheshimiwa Hou alibaki Taipei na cheo chake, na cheo kina kazi: kufungua mikutano, kuzindua majengo, kukaa mbele. Na kila anapoukaribia mgongo wa kiti na kuanza kukunja magoti, watu wote ukumbini hushika pumzi na kumtazama, kimya, kama wanaosubiri kutoa maksi.